Kuzunguka miji ya bandari ya Ulaya Kaskazini kwa feri, siku 18 za mwezi Juni: naomba mnirekebishie ratiba

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na jiografia, nakaa Shangani hapa Mtwara mjini. Mwakani mwanzoni mwa Juni, Mungu akipenda, mimi na mke wangu tunatarajia kwenda Gothenburg nchini Sweden, ambako binti yetu anamaliza shahada ya pili. Sherehe yenyewe ni ya siku moja tu, na kwa kuwa nauli ya ndege haipungui kwa kukaa siku chache, tumeona tutumie siku 18 kuiona bahari ya wenzetu na miji iliyojengwa kando yake. Fedha ni za kiinua mgongo kidogo nilichokibakiza, pamoja na mauzo ya korosho ya misimu miwili kutoka shamba letu la Nanyamba, kwa hiyo si za kuchezea.

Kwa miaka zaidi ya 30 nimewafundisha watoto wa watu kwamba Kilwa ilitajirika kwa kuitawala njia ya dhahabu ya Sofala, na karibu kila mwaka alijitokeza mwanafunzi mmoja wa kuniuliza kama Ulaya nako kulikuwa na miji ya namna hiyo, iliyoishi kwa bahari na biashara. Nilikuwa nikimtajia Lübeck, Visby, Tallinn na Bergen, miji ya ule umoja wa wafanyabiashara ulioitwa Hansa, lakini nilikuwa nikisimulia ya kitabuni. Sasa nataka nikaione, na nataka nifike kwa njia ya maji, kama walivyofika wenyewe.

Ratiba niliyoiandika kwa kuangalia ramani ni hii: Hamburg, Copenhagen, Oslo, Bergen, Gothenburg, Stockholm, Visby, Helsinki, Tallinn, Riga na Gdańsk. Mke wangu alipoisoma alisema kwamba hiyo si safari bali ni mbio za mwenge, na kwamba yeye hatakuwa mkimbiza mwenge katika umri wake. Naomba mwenye uzoefu aniambie kama ratiba hii inatekelezeka, hizo feri zenyewe zikoje, viza ya nchi nyingi namna hii huombwa wapi, na jambo la mwisho ambalo kwa mke wangu ndilo la kwanza: je, ni busara kulala baharini? Yeye amezaliwa Bukoba, na Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, hajaisahau.

Baharia Mstaafu, Lindi

Mwalimu, nimefurahi kusoma swali lililoandikwa kwa utulivu. Nilifanya kazi kwenye meli za mizigo zilizokuwa zikitia nanga Kiel, Gothenburg na Helsinki, na nilipopata likizo nilikuwa nikipanda feri za abiria kama mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nitakueleza ya mezani na ya sitahani.

Mkeo amesema kweli. Kosa la ratiba yako ni kwamba umechukua bahari mbili ukazifanya moja. Bergen iko kwenye Bahari ya Kaskazini, ilhali Stockholm, Helsinki, Tallinn na Gdańsk ziko ndani ya Baltic, na kutoka upande mmoja hadi mwingine unapoteza siku nzima kila unapovuka. Hamburg nayo, pamoja na ukubwa wa bandari yake, haiko pwani kabisa. Iko kwenye mto Elbe, kama kilomita 100 kutoka baharini. Riga utaifikia kwa basi kutoka Tallinn kwa saa nne na nusu hivi, si kwa feri. Gdańsk ina feri ya kwenda Nynäshamn, kusini mwa Stockholm, lakini hiyo ni kama saa 18 majini. Chagua Baltic peke yake, uache mengine yote.

Ukisikia neno feri, usifikirie kivuko cha Msangamkuu wala hiki chetu cha Kitunda peke yake, kwa maana huko jina hilo moja hubeba vyombo vya aina tatu. Kiko kivuko hasa, mfano wake ni kile cha Helsingør nchini Denmark hadi Helsingborg nchini Sweden, kilomita 4 tu na dakika 20, unapanda, unakunywa kahawa, unashuka. Ziko meli za mchana, kama zile za Helsinki na Tallinn, kilomita 80 kwa saa mbili hivi, zinazokwenda na kurudi kutwa kucha. Na ziko meli za usiku, ambazo ni hoteli zinazoelea, zenye ghorofa kumi na zaidi, mikahawa, maduka na sitaha za magari na malori chini: Stockholm hadi Helsinki kama saa 17, Kiel hadi Oslo saa 20. Uzuri wa hizi za usiku kwa mtu mwenye mfuko wa kuhesabu ni kwamba nauli moja inakulipia safari na malazi, ukalala nchi moja na kuamkia nyingine.

Ningekuwa mimi, ningeshukia ndege Copenhagen. Kutoka hapo ningepanda treni ya kama dakika 45 hadi Helsingør, nikavuka kwa kile kivuko kidogo, kisha treni tena hadi Gothenburg kwa binti. Watu watakwambia upite juu ya daraja la Öresund lililofunguliwa mwaka 2000, na ni kweli ni rahisi zaidi, lakini wewe ni mtu wa historia. Pale Helsingør kuna ngome ya Kronborg, mahali ambapo wafalme wa Denmark walizitoza ushuru meli za kigeni zilizopita mlangoni mwa Baltic kuanzia mwaka 1429 hadi 1857. Ukisimama kwenye kivuko ukaona jinsi mlango ulivyo mwembamba, utaelewa kwa nini hapakuwa na nahodha wa kukwepa. Na nadhani utawakumbuka masultani wa Kilwa bila mimi kukukumbusha.

Baada ya Gothenburg, treni hadi Stockholm, kama saa tatu na zaidi kidogo. Kutoka Stockholm ndipo bahari yenyewe inapoanza, na hapo nina neno moja ambalo wengi hawalijui: usiende Helsinki moja kwa moja kwa meli ya usiku. Panda meli ya asubuhi ya kwenda Turku, huko huko Finland. Inachukua kama saa 11, na karibu njia nzima ni katikati ya visiwa. Funguvisiwa la Stockholm peke yake lina visiwa na miamba ipatayo 30,000, mingine mikubwa yenye vijiji, mingine ina nyumba moja nyekundu na mashua, mingine ni jiwe la kukaa ndege. Meli kubwa kama jengo inapita mahali ambapo unaona mtu akianika nguo zake. Katika miaka yangu yote baharini sijaona njia ya maji iliyo nzuri kuliko hiyo, na ukiipita usiku umelala, umelipa bure. Faida ya pili ni ya mama: visiwa huvunja mawimbi, kwa hiyo maji huko hutulia kuliko ghuba yetu ya Lindi wakati wa kusi.

Nikuongezee la jiografia ulichekelee. Sisi tumezoea bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mvuvi hupanga siku yake kwa hesabu hiyo. Baltic karibu haina kujaa wala kupwa. Siku zangu za kwanza nilikuwa nikingoja maji yatoke, hayakutoka. Kimo chake hubadilika kwa upepo na kwa shinikizo la hewa, na juu ya hilo ardhi yenyewe inapanda tangu barafu ya kale ilipoyeyuka na kuiondolea mzigo, karibu nusu sentimita kwa mwaka upande wa Stockholm, kwa hiyo zipo bandari za zamani ambazo leo ni malisho ya ng'ombe.

Binti wa Mtanda

Shikamoo Mwalimu, shikamoo na wewe Mzee wangu Baharia. Mimi ni mtoto wa Lindi, Mtanda, na ni mwaka wa tatu sasa ninasoma hapa Turku, kwa hiyo njia hiyo ya Stockholm naipita mara kwa mara. Aliyoyasema Mzee ni sahihi, nami naomba kuongeza mambo ya mfukoni na ya tumboni.

Kwanza siku za kusafiri. Meli za usiku kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi hujaa watu wanaopanda kwa ajili ya starehe, wengi wao hawashuki hata wanakofika, hugeuka na meli ileile kesho yake. Pombe huko ndani ni nafuu kuliko nchi kavu, muziki hupigwa hadi usiku wa manane, na kwa wazazi waliozoea utulivu wa Shangani itakuwa adha. Chagueni usiku wa kati ya Jumapili na Jumatano, ambapo nauli nayo hushuka sana. Unafuu huo wa bei una asili yake: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliondoa biashara isiyotozwa kodi kwa safari za ndani, lakini visiwa vya Åland, ambavyo ni vya Finland na wakazi wake huzungumza Kiswidi, viliingia katika Umoja mwaka 1995 kwa masharti yao vikabaki nje ya mfumo wake wa kodi. Meli ikigusa gati pale, maduka yake huuza bila kodi. Ndiyo maana karibu kila meli husimama Mariehamn au Långnäs, wakati mwingine alfajiri kabisa, kwa dakika chache tu. Msishtuke mkisikia injini zimebadilika sauti mkadhani kuna jambo.

Pili vyumba. Bei ya chumba huwa ni ya chumba kizima, cha vitanda viwili au vinne, na kila kimoja kina choo na bafu ndani. Vya bei ya chini kabisa havina dirisha, na katika baadhi ya meli viko chini ya sitaha ya magari. Mtu mwenye hofu ya bahari asiwekwe huko hata kwa bure. Lipeni nyongeza mpate chenye dirisha la kutazama bahari, na mkiweza ombeni kiwe mbali na ukumbi wa dansi. Kwa safari ya mchana ya kuja Turku chumba si lazima; wahini tu viti vya mbele vyenye vioo, na mwende sitahani mkiwa na makoti, kwa sababu upepo wa Juni wa huku ni sawa na jokofu lililoachwa wazi.

Tatu chakula. Meza ya kujipakulia ni ghali lakini inashibisha, na huwa nafuu kidogo ukiilipia pamoja na tiketi. Samaki wapo wa kila namna, hasa salmoni na wale samaki wadogo waliolowekwa kwenye siki na sukari, ambao Mama atawaonja mara moja tu. Nguruwe yumo katika vyakula vingi, hata katika visivyodhaniwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupakua. Wahudumu hujibu vizuri. Korosho zilizokaangwa mnaweza kuja nazo, na mimi mkinipitishia mfuko mmoja sitakataa, lakini nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingia.

Kuhusu saa, tafadhali mwe waangalifu sana. Majira ya joto, Finland na Estonia zina saa sawasawa na Tanzania, ilhali Sweden na Denmark ziko nyuma kwa saa moja. Tiketi huandika saa za bandari unayoondokea, kwa hesabu ya 24, hivyo 20:00 ni saa mbili usiku kwetu. Mgeni wangu mmoja aliisoma 07:45 kuwa saa nane kasorobo, akafika bandarini mchana akiwa na begi lake na mkate, meli ikiwa imekwisha kufika Åland. Lango la abiria nalo hufungwa mapema kabla ya kuondoka, na hawamsubiri mtu.

Kwa wanaoswali, Juni jua la Stockholm huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza kama saa tisa na nusu alfajiri, na usiku wenyewe hauingii giza kamili. Misikiti ya huku hutoa ratiba maalumu za isha na alfajiri kwa miezi hii. Ni vizuri kuichukua mapema. Chumbani leteni kitambaa cha kufunika macho.

Mkulima wa Newala

Nimewasoma kwa makini, lakini sikubaliani na kuiacha Norway kirahisi hivyo. Mtu anasafiri kutoka Mtwara hadi kule, halafu anakosa milima inayoingia baharini? Ipo njia ya meli za pwani kutoka Bergen hadi Kirkenes, iliyoanza mwaka 1893, inayogusa bandari 34 na kubeba abiria na mizigo ya wenyeji. Mwalimu angeshuka na kupanda anapotaka. Miji mikubwa yote hufanana, lakini mlima haufanani na mwingine.

Baharia Mstaafu, Lindi

Ndugu wa Newala, umezoea kuangalia dunia kutoka juu ya Uwanda wa Makonde, sishangai ukipenda milima. Njia hiyo ni nzuri sana, lakini kwenda na kurudi ni siku 12, na hiyo ni safari kamili inayojitegemea, tena ya gharama. Mwalimu ametuomba miji ya biashara ya kale. Bryggen ya Bergen ingemfaa kweli, zile nyumba za mbao za Wajerumani wa Hansa, lakini mji mmoja hauwezi kula siku nne kati ya 18. Tallinn itampa zaidi kwa gharama ndogo.

Mpanga Safari, mwana wa Nachingwea

Mwalimu, nakuamkia. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuwasaidia watu kupanga tiketi na nyaraka, kwa hiyo nitagusa viza peke yake.

Denmark, Sweden, Finland na Estonia zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha, na kutoka nchi moja hadi nyingine hakuna kugongewa muhuri, ingawa pasipoti lazima uwe nayo wakati wote kwa sababu kampuni za meli huiangalia. Ombi halipelekwi nchi utakayotua kwanza, kama wengi wanavyodhani, bali nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ni pale tu siku zinapolingana ndipo nchi ya kuingilia inapohusika. Kwa ratiba yako ya kwanza, yenye siku moja hapa na mbili pale, afisa angeshindwa kujua wewe ni mgeni wa nani. Kwa hii aliyoipendekeza Mzee Baharia hakuna ubishi: Sweden ndiko aliko binti na ndiko penye malazi mengi, ombi liende Sweden hata kama ndege inatua Copenhagen.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ukinyimwa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini unaweza kusogezwa hadi 45, kwa hiyo anzeni Machi, msingoje Mei. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana Dar es Salaam, nanyi mtahitaji kupanga safari hiyo ya barabara mapema, hasa kwa kuwa itaangukia masika. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 na itaje eneo lote la Schengen. Pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka huko.

Jambo ambalo limewaangusha watu wa kwetu kusini, nami nimeliona kwa macho, ni taarifa ya benki. Mtu wa Dar es Salaam mwenye mshahara huonyesha fedha zikiingia kila mwezi. Mkulima wa korosho huonyesha akaunti iliyolala miezi minane, halafu mwezi wa Novemba au Desemba inaingia fedha nyingi kwa mkupuo, na afisa asiyejua mnada ni nini hudhani umekopa ili kupamba akaunti. Andika barua fupi ueleze msimu wa korosho, uambatanishe stakabadhi za chama cha msingi zenye tarehe na kilo zinazolingana na malipo ya benki, kisha uweke na hati ya pensheni yako. Barua ya mwaliko ya binti iseme wazi mtalala kwake siku ngapi. Tiketi za feri msilipe zisizorudishwa kabla ya viza. Zipo za bei ya juu kidogo zinazoweza kufutwa, na uthibitisho wake unatosha kuambatanisha.

Ndege ombeni tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Mara nyingi bei yake haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mahali pamoja, na inawaokoa kurudi nyuma bila sababu.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Wanangu na ndugu zangu, nimewashukuru. Jana usiku tumekaa na mke wangu, kalamu mkononi, tukakata miji sita bila kulia. Ratiba sasa ni hii: usiku 2 Copenhagen, kivuko cha Helsingør, usiku 4 Gothenburg kwa binti pamoja na sherehe, usiku 4 Stockholm, meli ya mchana hadi Turku na kulala hapo usiku 1, treni ya saa mbili hadi Helsinki usiku 2, meli ya mchana hadi Tallinn usiku 2, kisha meli ya usiku kutoka Tallinn kurudi Stockholm, tulale usiku 1 mwingine na kupanda ndege siku ya 18. Sweden inapata usiku 9, na nchi nyingine haifiki hata nusu yake.

Tallinn nimeipa usiku mbili kwa makusudi. Mji ule ulipewa sheria za Lübeck mwaka 1248, na nimesoma kwamba kuta na minara yake mingi bado imesimama. Nataka kutembea taratibu, nikilinganisha na kuta za Kilwa Kisiwani ambazo nimewapeleka wanafunzi kuziona mara nyingi.

Lililobaki ni hiyo meli ya usiku kutoka Tallinn. Mke wangu amesoma mahali kwamba katika njia hiyohiyo meli ilizama na watu wengi, naye ananitazama kana kwamba nilimficha. Mzee Baharia, sema ukweli bila kuupamba, kwa sababu yuko hapa pembeni anasoma.

Baharia Mstaafu, Lindi

Mama, shikamoo. Umesoma kweli, na sitakuficha. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli iliyoitwa Estonia ilizama ikitoka Tallinn kwenda Stockholm. Ilikuwa na watu 989, wakafa 852. Bahari ilikuwa imechafuka kwa dhoruba ya vuli, kufuli za lile domo la mbele linalofunguka ili magari yaingie zikavunjika, maji yakajaa sitaha ya magari, na meli ikalala ubavu kwa muda mfupi mno. Mimi nilikuwa baharini mwaka huo, na mabaharia wote tuliongea habari hiyo kwa miezi.

Baada ya hapo nchi za kaskazini ziliandikiana masharti mapya, na feri zikatakiwa ziweze kusimama wima hata maji yakiingia kwenye sitaha ya magari. Nyingine zilifanyiwa marekebisho makubwa, na zinazojengwa sasa huchorwa kwa hesabu hiyo tangu mwanzo. Katika safari ndefu kama hizo kila abiria huandikwa jina kabla ya kuondoka, kwa hiyo idadi ya walio ndani inajulikana kwa mtu mmojammoja, jambo ambalo wewe uliyezaliwa Bukoba unajua uzito wake. Nanyi mtakwenda Juni, si vuli. Mkishapanda, kabla ya kwenda kula, tembeeni kutoka chumbani hadi mahali pa kukusanyikia abiria, mara mbili, mkihesabu milango. Mimi nafanya hivyo hadi leo, hata kwenye kivuko cha Kitunda naangalia majaketi yako wapi.

Kama baada ya haya moyo bado unakataa, hakuna aibu. Rudini Helsinki kwa meli ya mchana ya saa mbili, na mrudi Sweden kwa njia ya Turku mchana tena, ingawa Mwalimu atalazimika kutoa usiku mmoja wa Stockholm.

Na ukifika Stockholm, Mama, mwambie akupeleke kuiona Vasa kwanza. Ni meli ya kivita ya mfalme iliyozama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, haijafika hata kilomita mbili, kwa sababu ilikuwa nyembamba na nzito juu. Waliiinua mwaka 1961, na ipo karibu nzima. Mbao zake hazikuliwa kwa kuwa maji ya Baltic ni ya chumvi haba, gramu 5 hadi 7 kwa lita huku yetu yakiwa na kama 35, na yule mdudu anayetoboa majahazi yetu, anayetulazimisha kupaka deheni kila mara, hawezi kuishi humo. Nje ya jumba hilo la makumbusho, hatua chache tu, kuna ukuta wa mawe wenye majina ya waliokufa katika Estonia. Nenda ukasimame hapo kidogo, ndipo uamue.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Ameisoma mara mbili. Amesema ataamua akifika kwenye ukuta huo, na kwamba mimi nikate tiketi inayoweza kufutwa. Binti wa Mtanda, meli yetu inafika Turku jioni na treni tutaipanda kesho yake mchana. Je, kuna mahali pa kuacha mabegi tukiwa tunautembelea mji?

Binti wa Mtanda

Ndiyo Mwalimu, hoteli nyingi hukubali kuwatunzia mabegi hadi mchana baada ya kurudisha ufunguo, ulizeni tu mnapofika. Lakini hamtahitaji kuuliza njia, nitakuja gatini kuwapokea. Helsinki msikose kuvuka kwenda Suomenlinna, ile ngome ya visiwani iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Kivuko chake ni cha jiji na kinatumia tiketi ileile ya tramu, kinaondokea sokoni penye wauza samaki. Na ule mfuko wa korosho, naomba zisiwe na chumvi.